Mtoto akiitwa Dimitar: lilikotoka jina, waliolibeba na namna ya kuliandika

Swali: Mimi ni Mtanzania, naishi Varna na mume wangu Mbulgaria. Natarajia mtoto wa kiume mwezi wa kumi, na wakwe zangu wanaomba aitwe Dimitar, jina la baba mkwe. Ndugu zangu nyumbani wanasema hilo ni Dmitri la Warusi. Mimi mwenyewe Dimitar ninayemjua ni Berbatov wa mpira tu. Naomba kufahamu jina hili limetoka wapi, nani wengine wameitwa hivyo, na niangalie nini siku ya kumwandikisha.

Jibu: Hongera, dada, na Mungu akujalie ujifungue salama. Nianze na hilo linalokuletea maneno nyumbani. Dimitar na Dmitri yana mzizi mmoja, jina la Kigiriki Demetrios, lakini kila taifa lililipokea na kulifinyanga kwa ulimi wake. Mrusi husema Dmitri, Mserbia Dimitrije, Mromania Dumitru, na Mbulgaria Dimitar. Ukimwita Mbulgaria Dmitri, atakusahihisha. Nchini Bulgaria ni miongoni mwa majina ya kiume yanayobebwa na watu wengi kabisa. Georgi na Ivan ndiyo yanayotangulia, na Dimitar hufuata kwa karibu. Kwa hiyo mwanao hatakuwa na jina la kigeni hapo Varna. Tatizo lake huenda likawa kinyume chake, kukuta darasani kuna akina Dimitar wengine wawili. Hilo nitalirudia kwenye usajili.

Kwa asili Demetrios ni "wa Demeter", na Demeter alikuwa mungu wa kike wa nafaka kwa Wagiriki wa kale. Hilo lisikutie shaka kama familia yako ni ya watu wa dini, maana Wabulgaria walilipokea jina hili kanisani. Aliyelileta ni Mtakatifu Demetrio wa Thessaloniki, Mkristo aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwanzoni mwa karne ya 4, ambaye wachoraji wa Kiothodoksi humwonyesha kama askari aliyepanda farasi.

Watakatifu wa namna hiyo wako wengi, na ni haki kuuliza kwa nini huyu alipata nafasi kubwa hivyo kwa Wabulgaria ilhali mji wake, Thessaloniki, uko Ugiriki. Jibu liko katika mwaka 1185. Wakati huo Bulgaria ilikuwa imekaa kwa zaidi ya karne moja na nusu chini ya Bizanti, dola ya Kikristo iliyotawala kutoka Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo. Agosti mwaka huo Wanormani waliuteka na kuupora mji wa Thessaloniki, na watu wakaanza kujiuliza mlinzi wake alikuwa wapi. Ndugu wawili wa Tarnovo, Petar na Asen, walikuwa wametoka kunyimwa haja yao na mfalme wa Bizanti, Isaac II Angelos. Wakajenga kanisa la Mtakatifu Demetrio mjini kwao, wakawakusanya watu, na humo ikatangazwa kwamba mtakatifu ameuacha mji wa Thessaloniki na amekuja kuwasaidia Wabulgaria kupata uhuru wao. Habari hiyo ameiandika Niketas Choniates, mwanahistoria wa upande wa pili, yaani wa Bizanti, tena bila kuwapenda ndugu hao hata kidogo. Uasi ukafaulu, na ndio mwanzo wa kile kinachoitwa Dola ya Pili ya Wabulgaria. Kanisa lenyewe limejengwa upya, na ukifika Veliko Tarnovo utalikuta chini ya kilima cha Trapezitsa, karibu na mto Yantra. Kutoka Varna ni safari ya gari ya siku moja, kwenda na kurudi.

Ila mtakatifu huyo ana upande mwingine, na ni vizuri uujue kabla hujanunua picha yake ya kumtundikia mtoto. Oktoba 1207 mdogo wao Petar na Asen, mfalme Kaloyan, alifia nje ya kuta za Thessaloniki akiwa ameuzingira mji huo. Wenyeji wakasema ni Demetrio mwenyewe aliyemchoma mkuki. Tangu hapo picha nyingi zinamwonyesha mtakatifu juu ya farasi mwekundu au wa kahawia, na chini ya kwato kalala mtu mwenye mavazi ya vita. Mtu huyo aliyeanguka, kwa mapokeo ya Wagiriki, ni mfalme wa Wabulgaria. Mtakatifu Georgi ndiye mwenye farasi mweupe na joka. Watu wengi huwachanganya. Kanisani Bulgaria utakuta picha zote mbili zikikaa pamoja, na hakuna anayeona vibaya. Lakini ukitaka zawadi ya kumpa baba mkwe, chagua ile ambayo Demetrio amesimama peke yake na mkuki na ngao.

Sasa watu waliolibeba jina.

Wa kwanza ambaye mtoto wako atafundishwa shuleni ni Hadzhi Dimitar. Alizaliwa Sliven mwaka 1840 kwa jina la Dimitar Nikolov Asenov. Hilo "Hadzhi" ni haji yetu hii hii, lililopita kwa Waturuki hadi kwa Wakristo wa Balkani: aliyekwenda kuhiji Yerusalemu alirudi na cheo hicho, na Dimitar alipelekwa na wazazi wake akiwa bado mtoto. Alipokua aliingia msituni na waasi waliopigana na utawala wa Waturuki wa Uthmaniya. Julai 1868 yeye na Stefan Karadzha waliongoza kikosi cha wapiganaji zaidi ya 120 kuvuka mto Danube wakitokea Romania. Walisukumwa kutoka pambano hadi pambano, wakapungua, na mwisho wao ukawa mlima Buzludzha. Alikuwa na miaka 28. Mwaka 1873 Hristo Botev, mshairi ambaye naye alikuja kufa vitani kwa mtindo huo huo, alimtungia shairi ambalo mpaka leo wanafunzi hulikariri. Kilele cha Buzludzha, chenye urefu wa mita 1,441, sasa kinaitwa rasmi Hadzhi Dimitar, na Sofia kuna mtaa mzima wenye jina lake.

Mlima huo huo una Dimitar wa pili. Agosti 1891 Dimitar Blagoev, mzaliwa wa 1856 katika kijiji ambacho leo kiko Ugiriki, aliwakutanisha wenzake wachache kule juu, siku za kumkumbuka Hadzhi Dimitar, wakaanzisha chama cha kisoshalisti cha Bulgaria. Chama kilichotoka humo ndicho kilichokuja kutawala nchi baada ya vita vya pili vya dunia, na ndiyo sababu mwaka 1981 kilizindua kileleni lile jumba la zege la mviringo ambalo picha zake umeziona kwenye mitandao, limetelekezwa na paa limetoboka. Blagoev alifariki 1924. Mwaka 1950 mji wa Gorna Dzhumaya, kusini magharibi mwa nchi, ulibadilishwa jina kwa heshima yake ukawa Blagoevgrad.

Na Blagoevgrad ndiko alikozaliwa, tarehe 30 Januari 1981, huyo Dimitar unayemjua. Jina lake kamili ni Dimitar Ivanov Berbatov, kwa sababu baba yake, mchezaji wa mpira pia, ni Ivan. Safari yake unaweza kuipanga hivi: CSKA Sofia, Bayer Leverkusen kuanzia 2001, Tottenham 2006, kisha Manchester United tarehe 1 Septemba 2008 kwa pauni milioni 30.75. Alitwaa ubingwa wa Uingereza mara mbili, msimu wa 2008–09 na wa 2010–11, na katika huo wa pili alimaliza mfungaji bora sawa na Carlos Tevez, mabao 20 kila mmoja. Novemba 2010 aliipiga Blackburn mabao matano katika mchezo mmoja. Lakini bao la kumwonyesha kijana wako akikua ni la pili kati ya matatu aliyoifunga Liverpool tarehe 19 Septemba 2010. Krosi inatoka kulia, yeye ameupa mgongo goli, beki yuko nyuma yake. Anautuliza mpira kwa paja, unaruka kidogo tu, na kabla haujashuka anapinduka tikitaka. Mpira unagonga mwamba wa juu na kuingia. Kila kitu alichokuwa nacho kimo katika sekunde hizo mbili: mguso laini, na kutokuwa na haraka hata mahali ambapo mwingine angepaparika. Watu walimwita mvivu. Mimi naona walikosea kabisa kusoma mchezo wake, na mabao 48 aliyoifungia timu ya taifa ni ushahidi wa kutosha. Mwishoni mwa safari yake, msimu wa 2015–16, aliichezea PAOK, klabu ya Thessaloniki, mji wa mtakatifu wa jina lake.

Ukiniuliza, hata hivyo, mtoto aambiwe amepewa jina pamoja na nani kwanza, sitamtaja Berbatov wala Hadzhi Dimitar. Nitamtaja Dimitar Peshev.

Peshev alizaliwa Kyustendil, karibu na mpaka wa magharibi, mwaka 1894. Alikuwa mwanasheria, na wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa makamu wa spika wa bunge. Bulgaria ilikuwa mshirika wa Ujerumani. Peshev hakuwa mpinzani wa serikali. Hata ile sheria ya kuwabagua Wayahudi iliyopitishwa mwishoni mwa 1940 aliiunga mkono. Hili lisifichwe, maana bila hilo huoni ukubwa wa alichokuja kufanya. Mwanzoni mwa Machi 1943 serikali ilikuwa imekubaliana kwa siri na Wajerumani kuwakabidhi Wayahudi 20,000. Wengi wangetoka katika maeneo ya Makedonia na Thrakia yaliyokuwa mikononi mwa jeshi la Bulgaria, na idadi iliyobaki ingejazwa na Wayahudi wa ndani ya nchi, wakiwemo wa Kyustendil. Habari zikavuja. Tarehe 9 Machi ujumbe wa watu wa mji huo ulikuwa Sofia mbele ya Peshev. Yeye akawachukua wabunge wenzake, wakamwendea waziri wa mambo ya ndani, na hawakuondoka hadi amri ya kusimamisha kamatakamata ilipotumwa kwa simu ya maandishi. Hata hapo hakuridhika. Alimpigia simu mwenyewe mkuu wa mkoa wa Kyustendil kuhakikisha amri imefika.

Alijua amri hiyo ni ya kuahirisha tu. Kwa hiyo tarehe 17 Machi akapeleka kwa waziri mkuu barua ya kupinga iliyotiwa saini na wabunge 43, yeye akiwemo, wote wa upande wa serikali. Siku chache baadaye alivuliwa umakamu wa spika. Maaskofu wa Kiothodoksi, hasa Stefan wa Sofia na Kiril wa Plovdiv, nao walisimama kidete, na mpango wa kuwasafirisha Wayahudi wa ndani ya nchi haukutekelezwa. Wayahudi wapatao 48,000 wa Bulgaria waliokoka. Wale wa maeneo yaliyokaliwa, watu 11,343, walipelekwa na karibu wote wakauawa, wengi wao Treblinka, kambi ya mauaji ya Wajerumani huko Poland. Ukisikia mtu akijisifu kwamba Bulgaria iliwaokoa Wayahudi wote, kumbuka idadi hii ya pili.

Baada ya vita utawala mpya ulimshitaki Peshev pamoja na viongozi wa zamani na kumhukumu miaka 15. Aliachiwa mapema, akaishi Sofia kimya na kwa shida, na alikuwa karibu kufa mwaka 1973 pale Yad Vashem ya Yerusalemu, taasisi ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, ilipomtambua kuwa mmoja wa Wenye Haki Miongoni mwa Mataifa, heshima ya wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi. Kyustendil kuna nyumba ya makumbusho yake. Mpelekeni mtoto akifikisha umri wa kuelewa.

Wengine nitawapita upesi. Dimitar Miladinov (1810–1862), mwalimu wa Struga, mji ulioko leo Makedonia Kaskazini, alikusanya nyimbo za watu pamoja na mdogo wake Konstantin, zikachapishwa Zagreb mwaka 1861, na mwaka uliofuata wote wawili wakafia gerezani Istanbul. Wamakedonia nao humhesabu kuwa wao, na kwenye meza ya chakula ni busara kutolichokonoa jambo hilo. Dimitar Talev na Dimitar Dimov ni waandishi wa riwaya, na wote walifariki 1966. Dimov alikuwa profesa wa anatomia ya wanyama, na riwaya yake ya 1951 kuhusu biashara ya tumbaku alilazimishwa na wakubwa wa chama kuiandika upya. Dimitar Penev ndiye kocha aliyeifikisha Bulgaria nusu fainali ya Kombe la Dunia 1994, baada ya kuitoa Ujerumani 2–1. Mumeo, kama alikuwa amezaliwa, hahitaji kusimuliwa.

Tuje kwenye makaratasi, ambako ndiko makosa hutokea.

Mbulgaria ana majina matatu kisheria: lake mwenyewe, la baba na la ukoo. Hivyo ndivyo Sheria ya Usajili wa Raia ya 1999 inavyotaka. La baba hutengenezwa kwa kuongeza -ov au -ev kwenye jina la baba, na -a zaidi kama mtoto ni wa kike. Tuseme mumeo ni Ivan Dimitrov Petrov. Hilo Dimitrov la katikati ni jina la baba mkwe wako. Mwanao atakuwa Dimitar Ivanov Petrov. Angekuwa binti, kwa mfano Dimitrina, angekuwa Dimitrina Ivanova Petrova. Angalia kwamba Dimitar linapopata -ov hupoteza irabu yake ya mwisho: ni Dimitrov, wala hakuna "Dimitarov". Kosa hilo hufanywa na maofisa wa nje wanaounda jina kwa kubahatisha. Kosa jingine lao ni kumwandika binti kwa jina la ukoo la kiume kama la baba yake, Petrov badala ya Petrova. Ukija kumkatia pasi ya pili au kuombea mtoto nyaraka Tanzania, hakikisha mwisho wa jina unabaki kama ulivyo kwenye cheti cha Bulgaria, la sivyo utakuwa na mtoto mmoja mwenye majina mawili.

Mcheza tenisi Grigor Dimitrov ni mfano mzuri wa mfumo huu. Baba yake ni Dimitar, na ukoo wao ni Dimitrov, kwa hiyo kwa Kibulgaria jina lake kamili ni Grigor Dimitrov Dimitrov. Hajaandikwa mara mbili kwa bahati mbaya. Majina ya namna hiyo yapo kwa maelfu, na ndiyo maana ofisi za Bulgaria hazimtambui mtu kwa majina yake matatu pekee. Humtambua kwa EGN, namba ya utambulisho yenye tarakimu 10 ambayo mtoto hupewa anapoandikishwa. Tarakimu sita za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na kwa waliozaliwa kuanzia 2000 mwezi huongezewa 40. Aliyezaliwa Oktoba atasomeka 50 mahali pa mwezi, usidhani wamekosea. Tarakimu ya tisa huwa shufwa kwa mwanamume. Iangalie mara tu unapopokea cheti, maana ikikosewa utasumbuka hospitali, shule na benki.

Hospitali ndiyo inayopeleka taarifa ya kuzaliwa kwa manispaa, na manispaa huandika kumbukumbu ya kuzaliwa ndani ya siku 7. Wazazi ndio wanaochagua jina na kulitaja kwa maandishi. Mkishindwa kukubaliana, msajili huchagua mojawapo kati ya mliyopendekeza, kwa hiyo mmalize mazungumzo na mama mkwe kabla ya siku ya kujifungua. Msajili anaweza kukataa jina la dhihaka au la aibu, lakini kwa Dimitar hakuna atakayeinua hata jicho. Sheria inaruhusu pia kuacha -ov na -ev kwa sababu za mila, kabila au dini za wazazi. Ruhusa hiyo ina uzito wake. Majira ya baridi ya 1984–85 utawala wa wakati ule uliwalazimisha mamia ya maelfu ya Waturuki wa Bulgaria kuacha majina yao ya Kiislamu na kuchukua ya Kibulgaria, na mwaka 1989 zaidi ya watu 300,000 wakahamia Uturuki. Wengi walirudishiwa haki ya majina yao baadaye. Kwa hiyo kama ninyi mtaona binti ajaye abebe jina la kwenu, Zuhura au Neema, sheria haina neno.

Herufi zenyewe: kwa Kikirili, yaani herufi wanazotumia Wabulgaria, jina huandikwa Димитър. Hiyo ъ ndiyo yenye matatizo. Kwa Kilatini, tangu Sheria ya Unukuzi ya 2009, huandikwa kwa a, na ndipo tunapata Dimitar. Kabla ya hapo kila mtu aliandika alivyoona, ndiyo maana kwenye vitabu na pasi za zamani utakuta Dimiter, Dimitur au Dimităr. Ni jina lile lile. Mkimwita mtoto jina la babu, linganisheni pasi ya babu. Ikiwa yake imeandikwa kwa mtindo wa zamani, msiifuate, fuateni ule wa sheria. Hatari ni safari ya kurudi. Cheti kikitolewa Tanzania kwa herufi za Kilatini na mtafsiri akakirudisha kwenye Kikirili, a yake inaweza kugeuka Димитар, ambayo ndiyo tahajia ya Makedonia Kaskazini. Herufi moja tu, lakini mfumo wa kompyuta utamwona mtu mwingine. Mwandikie mtafsiri mapema kwenye karatasi: Димитър, na ъ ionekane wazi.

Kwa matamshi una nafuu, dada. Mkazo uko kwenye MI, di-MI-tar. Sisi tukilitamka kwa mazoea yetu huongeza i mwishoni, "Dimitari", na hapo hapo mkazo unahamia kwenye TA. Hilo ndilo sikio la Mbulgaria hulikataa. Waambie ndugu zako wakatie kwenye r. Irabu ya mwisho si a ya kufungua kinywa. Ni fupi, ya katikati ya mdomo, midomo ikiwa imelegea. Kwenye Dimitrov mkazo huhamia mwisho, di-mi-TROV, na v hiyo husikika kama f. Ukimwita mtu kwa sauti, jina hubadilika umbo: "Dimitre!" Lakini nyumbani ni wachache watakaomwita hivyo. Atakuwa Mitko, au Mityo, au Mitaka akiwa na rika lake, na wengine hupenda Dimo au Dimcho. Mitko ndilo la upole zaidi kwa mtoto mdogo, na bibi yake huenda akaanza nalo tangu hospitali.

Iko njia ya katikati pia kama bado unasita. Familia nyingi za siku hizi humheshimu babu kwa kuchukua herufi yake ya kwanza tu, na wajukuu wa Dimitar wakaitwa Denis, Deyan au Dariya. Inakubalika. Ila mkwe wa kizazi cha zamani hufurahi zaidi akisikia jina lake lote, na wewe unayetoka kwa watu wanaowapa watoto majina ya babu zao huhitaji maelezo juu ya hilo.

La mwisho ni siku ya jina. Kwa Wabulgaria ni Oktoba 26, Dimitrovden, na kwa mtu mzima huweza kupewa uzito kuliko siku ya kuzaliwa. Serbia, Makedonia Kaskazini na Urusi wao huadhimisha Novemba 8 kwa sababu ya kalenda ya zamani, basi usishangae mitandao ikikupa tarehe mbili. Hapo kale siku hii ilifunga mwaka wa kazi. Wachungaji na vibarua walioajiriwa Gergyovden, siku ya Mtakatifu Georgi, Mei 6, walilipwa ujira wao Dimitrovden, mafundi waashi walirudi makwao, na waasi wa msituni walitawanyika hadi majani yachipue tena. Mpaka leo ni siku rasmi ya wajenzi. Jumamosi inayoitangulia ni ya kuwaombea marehemu, na familia nyingi huenda makaburini. Usipange sherehe siku hiyo.

Mwenye jina ndiye anayekirimu. Akiwa mkubwa atapeleka chokoleti au keki kazini, na nyumbani wageni huja bila kualikwa, hivyo jioni hiyo pika zaidi ya idadi ya familia. Baba mkwe naye ni Dimitar, kwa hiyo nyumba yenu itakuwa na wenye siku wawili kwa mpigo. Ukienda kwa Dimitar mwingine na maua, hesabu yawe witiri, matatu au matano, maana shufwa ni ya mazishini. Mlangoni sema "Chestit imen den", na ukitaka kuongeza, "Da ti e zhivo i zdravo imeto", dua ya kwamba jina lake liishi na liwe na afya. Na ikiwa kujifungua kwenyewe kutaangukia tarehe 26 hiyo, mjadala wa jina utakuwa umefungwa hapo hapo, maana ukoo mzima utasema amekuja nalo.